Kanga Iliyopashwa Moto

Nakunda alisoma kwa sauti ya chini kama kawaida yake, na wanawake waliokaa kwenye mikeka wakasogea karibu ili wamsikie.

"Asubuhi za ukungu," alisoma, "kabla mkewe hajatoka kwenda sokoni, Mzee Yeremia aliichukua kanga yake, akaishikilia juu ya makaa mpaka ikashika joto, kisha akamfunika mabegani. Akamwambia: nenda, umebeba jua lako mwenyewe."

Mama Nangasu, mjane wa Mzee Yeremia, alifumba macho. Hakulia. Alipandisha mabega kidogo, kama mtu anayefunikwa, akatabasamu.

"Nakumbuka," alisema. "Jamani, nilikuwa nimesahau kabisa. Nalikumbuka lile joto."

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya Usangi tangu Mkondo, mashine ya kuandikia hadithi, ulipofika milimani. Siku chache kabla ya kuanua matanga, mwandishi kutoka Nyumba ya Wasifu huja kuwasomea wafiwa hadithi ya marehemu wao. Wakiikubali, husomwa mbele ya watu wote siku ya kuanua, na hapo ndipo msiba unapokwisha. Mpaka isomwe, wageni hawarudi makwao na mjane hatoki nje ya ua wake.

"Wangu naye!" alisema jirani aliyekaa karibu na mlango. Jina lake lilikuwa Mama Kiondo, naye alikuwa mjane kwa mwaka wa pili. "Marehemu Baba Kiondo alikuwa akinipashia shuka motoni. Si mliisikia ikisomwa pale kwangu, mkalia wote?"

"Tuliisikia," walijibu wengine.

"Wanaume wa mlima huu tunawaita wagumu bure," alisema Mama Kiondo, akaushika mkono wa mwenzake. "Kumbe kila mmoja na moto wake."

Wale wajane wawili wakatazamana, wakacheka kwa furaha, kama watu waliogundua kwamba ni ndugu.

Nakunda aliinamia kioo alichokuwa akisomea. Hadithi ya Baba Kiondo pia aliiandika yeye. Na sasa, baada ya kuisikia kwa masikio yake mwenyewe, alijua ile kanga imetoka wapi. Haikuwa kanga. Ilikuwa sweta la shule, la bluu, lenye kiwiko kilichotoboka. Aliyelishikilia juu ya makaa alikuwa baba yake Nakunda, na aliyeambiwa abebe jua lake alikuwa Nakunda mwenyewe, akiwa darasa la pili.

Baba yake alikuwa amekufa kabla Nyumba ya Wasifu haijafunguliwa. Hakuwahi kuandikiwa hadithi.

"Umeandika vizuri, mwanangu," alisema Mama Nangasu. "Usibadilishe hata neno."

*

"Una uso wa mtu aliyelamba shubiri," alisema Mgonja alipomwona akiingia ofisini. Mgonja alikuwa mkuu wa zamu, mtu mnene mwenye utani mwingi, na meza yake ilikuwa na maganda ya karanga kila mahali. "Wameikataa?"

"Wameipenda."

"Basi kaa chini ule karanga."

Nakunda hakukaa. Alimweleza yote, polepole, huku akiangalia viatu vyake. Alipomaliza, Mgonja alifuta mikono, akavuta kiti mpaka kwenye kioo kikubwa cha hifadhi.

Mkondo ni utepe mwembamba unaovaliwa kwenye paji la uso. Mtu huufunga, hufumba macho, humfikiria yule anayetaka kumwandika, na utepe hufuatilia mahali moyo wake unapotikisika. Palipotikisika, hapo ndipo unapochimba. Ukipata picha moja tu, tabasamu au harufu au mkono wa mtu, unaijengea sentensi kutoka kwenye mamilioni ya hadithi ulizokwisha kuzisoma. Hadithi nzima hukamilika kabla chai haijapoa. Ndiyo sababu ulipendwa. Zamani kurasa tatu za wasifu ziliwasumbua watu kwa majuma, na bado zikatoka kavu.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni kwamba moyo wa mwandishi unaoharakishwa hutikisika kwanza mahali palepale. Haumjui Mzee Yeremia. Unalijua donda lake wenyewe.

"Tafuta nguo na moto," Nakunda alisema. "Kwenye kazi zangu."

Kioo kikajaa. Koti lililoanikwa karibu na jiko. Shuka la Baba Kiondo. Soksi za mtoto mchanga zilizowekwa juu ya sufuria. Shali, kofia ya sufu, kanga, kanga nyingine. Wafu wa mlima mzima walikuwa wamepasha nguo za wapendwa wao, kila mmoja kwa makaa yale yale.

Mgonja alianza kucheka. Kisha akaacha, akaandika neno jingine kwenye kioo, safari hii katika kazi zake mwenyewe: ndizi mbivu. Kioo kikajaa tena. Mabibi na mashangazi na mama wakubwa, wote walikuwa wakificha ndizi mbivu kwenye pipa la mahindi ili mtoto mmoja azikute.

"Bibi yangu," alisema. "Maskini, nimemzika mara ngapi?"

Nje mvua ilikuwa ikinyesha nyembamba, na magari ya waya yalipita juu ya migomba, yakipanda na kushuka mlima bila sauti.

"Nikamwambie Mama Nangasu?" aliuliza Nakunda.

"Ukamwambie nini? Kwamba yule mume aliyempata leo si wake?" Mgonja aligeuza kiti. "Nilimfahamu Yeremia. Alikuwa bubu mwenye ulimi. Mwanamke kaishi naye umri wote huo, leo ndio kapata neno moja tamu, halafu wewe na huruma zako unataka kwenda kumpokonya."

"Neno lenyewe si lake. Niliambiwa mimi."

"Una choyo nalo?"

Nakunda alifikiri kabla ya kujibu, maana swali lilikuwa la haki. "Hapana. Ningempa kama angelihitaji. Lakini kaka Mgonja, akishika hili, yule aliyelala naye kitanda kimoja anakwenda wapi? Atakuwa anamlilia baba yangu."

"Basi vaa utepe uandike tena. Safari hii jichunge, usimfikirie mzee wako."

Akauvaa. Alifumba macho, akamwita Mzee Yeremia, akajizuia kwa nguvu zake zote asimkumbuke mwingine. Alipofumbua, hadithi mpya ilikuwa tayari, nzuri kama ile ya kwanza. Asubuhi za baridi, ilisema, Mzee Yeremia aliichukua mikono ya mkewe akaipulizia pumzi ya moto.

Alivua utepe, akaukunja, akauweka mezani katikati ya maganda ya karanga.

"Naomba kalamu," alisema.

"Ipo wapi kalamu hapa?" alijibu Mgonja. Lakini aliinuka akaenda kuitafuta.

*

Kesho yake asubuhi alimkuta Mama Nangasu jikoni, peke yake. Nakunda alikuwa amepanga maneno yake njia nzima, na yote yakampotea alipokaribishwa kigoda.

"Mama, ile kanga," alisema. "Si kweli. Yalikuwa mambo ya nyumbani kwetu. Mashine iliyachukua kwangu ikakupa wewe."

Mama Nangasu aliendelea kukoroga uji. "Lakini ninakumbuka," alisema. "Nakuambia ninakumbuka joto lake, hapa mgongoni."

"Lilikuwa sweta langu la shule. La bluu."

"Kanga yangu ilikuwa..." Mjane alianza, akanyamaza. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Nakunda alimwona akitafuta, macho yakienda jikoni, yakienda kwenye kamba ya nguo nje, yakirudi. "Ilikuwa ya rangi gani?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ndogo. "Ina maandishi gani? Kanga zangu zote nayajua maandishi yake. Hii haina."

Nakunda alitamani mtu mwingine angeitwa kufanya kazi hii, mtu mwenye moyo mgumu.

"Sasa umeniacha na nini?" Mama Nangasu alimgeukia. Hasira ilikuwa imempanda usoni. "Ulinipa, nikalala usingizi kwa mara ya kwanza tangu azikwe. Leo unarudi kuchukua. Mume wangu yuko wapi basi, kama si huyo?"

"Sijui, mama. Sikumtafuta. Niliharakisha."

"Kwa hiyo?"

"Naomba nimtafute. Niwe nakuja hapa, tukae, niandike kwa mkono. Nikikosea uniambie."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

Mlangoni palikuwa na kivuli. Mzee Zefania, mdogo wa marehemu na msemaji wa ukoo, alikuwa ameyasikia maneno ya mwisho. "Hujui?" alisema. "Binti, Jumamosi tunaanua. Kuna watu wametoka Mwanza, wametoka Songea, wana kazi zao na wana watoto shule. Mashine inamaliza kabla chai haijapoa, wewe unataka kubeba mimba ya tembo?"

"Samahani, baba."

"Samahani haiwarudishi watu makwao. Na huyu," alimwonyesha shemeji yake, "akae kifungoni uani mpaka wewe upate sentensi? Mvua imeshaanza. Shamba lake nani atapanda?"

Nakunda aliinama. Kila alichosema mzee kilikuwa kweli. Wa kulipa ucheleweshaji ule hakuwa yeye mwandishi. Alikuwa mwanamke aliyesimama mbele yake na mwiko mkononi.

Mama Nangasu aliepua sufuria, akaifunika.

"Shemeji, wanaotaka kuondoka waage," alisema. "Maharage yangu atapanda Mama Kiondo. Mimi nitakaa." Kisha akamwambia Nakunda, bila kumtazama: "Ila usije mikono mitupu. Njoo na kisu, kuna viazi vya kumenya."

*

Jumamosi ikapita. Baadhi ya wageni waliaga, wengine wakabaki wakinung'unika.

Nakunda alikuja kila asubuhi. Walichambua maharage ya makande, walimenya viazi, walikunja nguo za marehemu za kugawa. Mwanzoni Mama Nangasu alisema yale ambayo watu husema: alikuwa mchapakazi, mcha Mungu, mpenda familia. Nakunda aliyaandika, akayasoma jioni, akaona yangemfaa mtu yeyote aliyewahi kufa. Akayakata.

Kuandika kwa mkono kulimuumiza vidole na kumtia aibu. Aliandika sentensi, akakaa nayo nusu ya asubuhi, akaiona haifai. Mara nyingi baba yake alimjia, na makaa yake na sweta lake. Mwanzoni alimfukuza. Baadaye aliacha kumfukuza. Alichukua karatasi nyingine, akaandika juu yake jina la baba, na kila alipokuja alimwekea pale alichokuja nacho. Akishapewa nafasi, alikaa kidogo, akaondoka. Nyuma yake palibaki kimya, na kile kimya hakikuwa cha mtu yeyote bado.

Kuna siku hakuandika kitu. Alirudi ofisini na karatasi nyeupe, na Mgonja, aliyekwisha kusimuliwa maneno ya Mzee Zefania, akamuuliza kama tembo ameanza kupata uchungu. Lakini Nakunda alikuwa ameanza kuona vitu. Hakuwa na haraka ya kufika kwenye sentensi, kwa hiyo macho yake yalibaki pale yalipo. Alijua sasa kwamba Mama Nangasu huonja chumvi kwa kidole kidogo cha mwisho, na kwamba akitajwa marehemu hutazama pembeni, si kwa huzuni, ila kama mtu anayekwepa kusema.

Alasiri moja Mama Nangasu alibeba beseni la maji machafu kwenda kumwaga uani. Alipofika mlango wa nyuma, beseni likiwa limemziba macho, alipandisha mguu juu sana, karibu usawa wa goti, akateremka. Aliporudi akafanya vilevile. Hakuwa ametazama chini hata mara moja.

"Mama, mbona unapandisha mguu namna hiyo?"

"Namna gani?" Mjane alisimama, akautazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha akafyonya kwa nguvu. "Si hii ngazi ya Yeremia!"

Nakunda akaweka kisu chini.

"Mtu alikuwa fundi wa breki za magari ya waya," alisema Mama Nangasu, na sauti yake ikawa tofauti, ikawa ya mtu aliye hai. "Mlima mzima walimkabidhi roho zao. Unywele mmoja ukizidi kwenye breki, anaujua. Nyumbani kwake akajenga ngazi moja ya zege hapa kizingitini, moja tu, angalia! Ya twiga! Nikamwambia, Yeremia, hii ishushe, nitavunjika. Kesho. Nikiwa na mimba ya Eneza, Yeremia, ishushe. Kesho. Krismasi moja nimeanguka hapo na sufuria nzima ya pilau, kuku wamekula pilau mpaka wamelala. Nimekaa chini, wali kichwani, unajua ameniambia nini?"

"Nini?"

"Amesimama hapo, ameiangalia ngazi, ameniangalia mimi. Akasema: 'Ngazi iko sawa. Wewe ndiye mfupi.'"

Nakunda aliziba mdomo kwa mkono, lakini kicheko kilimtoka. Mama Nangasu naye akaanza kucheka, akashika nguzo ya mlango, akacheka mpaka akakaa pale pale kwenye ngazi. Na katikati ya kicheko, pumzi ikamkatika, akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, akiipiga ngazi kwa kiganja. "Mshenzi wewe," alisema. "Mshenzi wewe, umekufa hujaishusha."

Nakunda alikaa karibu naye mpaka alipotulia.

"Niandike?" aliuliza.

"Andika." Mama Nangasu alijifuta kwa upindo wa kanga. "Andika na ufupi wangu."

*

Siku ya kuanua, ua ulijaa. Hata baadhi ya wale walioondoka walirudi, maana habari zilikuwa zimeenea kwamba kwa marehemu Yeremia kuna wasifu ulioandikwa kwa mkono, na watu walitaka kuona kituko. Mgonja alisimama nyuma kabisa, amekunja mikono.

Nakunda alisoma kutoka kwenye karatasi zake. Hadithi yenyewe haikuwa laini. Palikuwa na sentensi fupi zilizogongana na sehemu mbili alipojikwaa mwenyewe. Lakini alipofika kwenye pilau na kuku, mtu mmoja aliguna, na aliposoma "Wewe ndiye mfupi", ua wote ulipasuka. Wanaume wazima waliinamiana. Mzee Zefania, aliyekuwa amekaa na uso wa kazi, alitoa kitambaa akajifuta macho.

Nakunda alisubiri kimya kirudi, akasoma mstari wa mwisho. "Kwa nini hakuishusha ngazi ile, hatujui."

Hadithi za Mkondo zinapokwisha, watu hulia, hupiga makofi, huaga. Haziachi mwanya wa mtu kuingiza kidole. Safari hii sauti ya mzee mmoja ikatoka kwenye benchi la mafundi wa waya.

"Mimi najua."

"Unajua nini wewe?" aliuliza Mama Kiondo.

"Alikosea vipimo. Alikiri kwangu kazini. Alisema, nikiishusha, mke wangu atajua nilikosea."

"Uongo!" alisema mwingine. "Aliniambia ni kwa ajili ya maji. Mwaka ule wa mafuriko maji yaliingia mpaka kitandani. Akaapa hayaingii tena kwake."

"Maji gani, kwenye kilima?"

"Wewe ulikuwepo?"

"Mbona mimi alinipigia hodi nyumbani kuazima msumeno wa kukatia zege," alisema Mama Kiondo polepole, kama anayekumbuka na kushangaa, "mwezi ule ule aliougua? Nikamwambia anao mjomba."

Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Kila mmoja alikuwa na Yeremia wake, mkaidi, mkimya, mwenye ngazi, na hawakufanana hata kidogo, na wote walikuwa yeye. Mama Nangasu aligeuza kichwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Usoni mwake palikuwa na njaa ya mtu aliyetengewa chakula baada ya siku nyingi.

Mzee Zefania alitazama jua, akasimama, akakohoa. Ilikuwa kazi yake kutamka neno la mwisho la kuanua, na baada ya neno hilo watu hutawanyika.

"Ndugu zangu," alianza, "kwa kuwa hadithi imesomwa na wenye msiba wameikubali..."

"Kaa kwanza, shemeji," alisema Mama Nangasu. "Sijamaliza kumkasirikia."

Mzee Zefania alibaki amefungua mdomo. Akatazama ua mzima uliokuwa ukimtazama. Kisha akashika goti lake, akaketi, na Nakunda akasogea kumpisha nafasi kwenye mkeka.